Jibu Liwe Tayari Kabla ya Simu Kulia

Hotuba iliyotolewa kwa wazazi na wanafunzi wanaomaliza shule ya sekondari, Brooklyn Park, Minnesota, katika wiki ya pili ya mwezi wa Aprili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, wazee mlioketi hapa mbele, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu ambao ndio wenye shughuli hii, hamjambo. Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza, na nashukuru zaidi kwamba mmekuja siku ya Jumamosi, siku ambayo najua baadhi yenu mmetoka kazini alfajiri na wengine mnaingia zamu saa tisa alasiri. Sitawachelewesha. Nina jambo moja tu la kusema, ingawa nitalizunguka kidogo ili tulione pande zake zote.

Katika wiki chache zilizopita vijana wetu wamepokea majibu ya vyuo walivyoomba, na baadhi ya majibu hayo hayakuwa ndiyo wala hapana. Chuo kimemwandikia kijana kwamba kimevutiwa na maombi yake, kwamba nafasi zimejaa, na kwamba kinamwalika akubali kuwekwa kwenye orodha ya kungojea. Barua hiyo ina maneno matamu, na utamu wake ndio unaotuponza. Nimewaona wazazi wakiisoma kama ndiyo iliyochelewa njiani, na nimewaona vijana wakiisoma kama hapana iliyofunikwa kwa kitambaa. Nawaomba muisome kama swali ambalo chuo hakijawauliza bado, lakini kinaweza kuwauliza siku yoyote kuanzia Mei hadi Agosti, na siku kitakapouliza kitataka jibu baada ya siku mbili au tatu, wakati mwingine kesho yake. Familia zinazoumia, kwa jinsi nilivyoona katika miaka yangu ya kuwashauri wanafunzi, ni zile zinazoanza kulitafuta jibu siku swali linapofika.

Kungojea si jambo geni kwetu. Sisi tuliosoma Kenya enzi za JAB, ile bodi ya pamoja iliyowagawa wanafunzi katika vyuo vikuu vya umma, kabla kazi hiyo haijarithiwa na taasisi ya KUCCPS, tunakumbuka jinsi mtu alivyomaliza kidato cha nne, akapata alama za kumwingiza chuo kikuu, kisha akakaa nyumbani karibu miaka miwili akifundisha shule ya msingi ya kijijini bila cheti, au akiuza dukani kwa mjomba, hadi barua ilipofika kwenye sanduku la posta la shule. Mimi nilingoja hivyo. Lakini ngoja ile ilikuwa na hakika ndani yake: nafasi ilikuwa yangu, kilichokosekana kilikuwa kitanda na tarehe. Ndugu zetu kutoka Tanzania nao wana ngoja yao, ile ya awamu za udahili zinazosimamiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambapo aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya siku iliyowekwa ili nafasi nyingine waachiwe wenzake. Katika nchi zetu, basi, ipo ofisi ya taifa inayojua nani amekwenda wapi. Marekani haina ofisi kama hiyo. Kila chuo kinabahatisha peke yake, na orodha ya kungojea ilizaliwa na ubahatishaji huo.

Mfikirieni mama anayepika pilau ya harusi bila kujua ni wangapi kati ya walioalikwa watakaokuja. Chuo chenye nafasi za wanafunzi wapya 1,000 hakiwezi kuwaita 1,000, kwa sababu pengine katika kila watatu wanaoitwa huja mmoja; kwa hiyo kinawaita 3,000. Wakija 1,100, chuo kitawalaza watatu katika chumba cha wawili na manung'uniko yatapita. Wakija 900, kitakosa karo ya watu 100, na pengo hilo litakifuata kwa miaka minne. Hasara hii ya pili ndiyo inayowakosesha usingizi wakuu wa vyuo, na ndiyo sababu wanaweka kikundi cha vijana wazuri mlangoni, wasioingia wala kuondoka, hadi ijulikane sufuria imebaki na nini. Nao ubahatishaji umezidi kuwa mgumu, kwa kuwa fomu ya pamoja iitwayo Common Application inamruhusu kijana mmoja kuomba vyuo hadi 20, na kijana huyo, hata akubaliwe na vyote, atalala katika bweni moja tu.

Mzazi mmoja aliniuliza juzi, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mtoto wangu ni wa ngapi kwenye foleni?" Ni swali la haki, kwa sababu neno orodha linatufanya tufikirie foleni ya zahanati, ambapo aliyetangulia huonwa kwanza. Vyuo vingi havipangi majina hayo kwa namba hata kidogo. Chuo kinapokwisha kuhesabu waliolipia nafasi zao kufikia tarehe 1 Mei, siku ya mwisho ya kujibu katika vyuo vingi, kinatazama mapengo yaliyobaki: pengine waliotaka kusoma kemia ni wachache, pengine wavulana wamepungua, pengine hakuna hata mmoja aliyetoka majimbo fulani. Kisha kinatafuta katika orodha mtu anayeziba pengo lile. Kijana anaweza kuwa na alama nzuri kuliko wote waliomo na asiitwe, kwa kuwa pengo la mwaka ule halikuwa na umbo lake. Na liko jambo ambalo hutajwa kwa sauti ya chini, nami nitalitaja kwa sauti ya kawaida: vipo vyuo ambavyo mwezi wa Machi husoma maombi bila kutazama mfuko wa familia, lakini vinapofika kwenye orodha ya kungojea huutazama mfuko huo, kwa sababu fedha za msaada zimekwisha kugawiwa.

Basi uwezekano wa kuitwa ni kiasi gani? NACAC, chama cha kitaifa cha wanaoshughulikia udahili wa vyuo, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kilisema kwamba kwa wastani vyuo vilimchukua mmoja kati ya kila watano waliokubali kungojea, na kwamba katika vyuo vinavyochagua sana kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 7. Wastani huo nao unaficha mengi. Chuo Kikuu cha Stanford, kwa wanafunzi wa kuingia mwaka 2019, kilikuwa na vijana 511 waliokubali kungojea, kikawachukua 8. Mwaka uliofuata, mwaka wa korona, waliokubali kungojea walikuwa 707 na waliochukuliwa 259. Chuo ni kilekile na ofisi ni ileile, na sidhani kwamba vijana wa 2020 walikuwa hodari mara 30 kuliko wale wa 2019. Kilichobadilika kilikuwa nje ya uwezo wao kabisa. Takwimu hizi si siri. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka jedwali liitwalo Common Data Set, na katika sehemu yake ya C2 mtaona wangapi walialikwa kungojea, wangapi walikubali, na wangapi walichukuliwa. Angalieni miaka mitatu au minne ya chuo mnachokingojea. Mkiona namba zinaruka kama panzi, mtajua kwamba hakuna mtu, si mimi wala ofisi ile yenyewe, anayeweza kuwaahidi chochote.

Niruhusuni sasa niseme habari ya nyumbani kwangu, kwa sababu si haki kuwaambia watu wachukue tahadhari ambayo mwenyewe sikuichukua. Kijana wangu wa kwanza aliwekwa kwenye orodha ya kungojea ya chuo kimoja cha upande wa mashariki, ambacho sitakitaja jina. Tulilipa fedha za kushika nafasi katika chuo cha umma cha hapa jimboni, kama ilivyopasa, lakini mioyo yetu hatukuiweka huko. Mwaliko wa programu ya heshima, yaani ile ya wanafunzi wenye alama za juu, uliletwa na chuo hiki cha umma, tukauacha mezani hadi siku yake ikapita. Fomu ya bweni tuliichelewesha. Siku ya utambulisho, ile siku ambapo wanafunzi wapya huenda kuchagua masomo yao, tuliisogeza mbele mara mbili, kila mara tukisema tungoje wiki moja zaidi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwashauri watoto wa wenzangu, nilikuwa naamka usiku kutazama barua pepe ya mwanangu.

Simu ilikuja katikati ya Juni. Walimpa saa 48 za kujibu, na barua ya msaada wa kifedha ilifika ikiwa zimebaki saa 20. Pengo lililobaki baada ya msaada, kwa mwaka mmoja tu, lilizidi mshahara wangu wa nusu mwaka. Usiku ule tulipiga simu Nakuru, tukapiga simu Dallas, tukamwamsha kaka yangu aliyekuwa amerudi kutoka zamu ya usiku. Kila mmoja alitoa maoni na hakuna aliyetoa fedha, wala simlaumu yeyote. Asubuhi tulikataa. Ninachojutia si kule kukataa, maana hesabu ilikuwa wazi. Ninajutia kwamba kijana alikwenda katika chuo chake cha kweli akiwa amekosa programu ile, amekosa bweni la karibu, na darasa la kemia alilolihitaji likiwa limejaa, yote kwa sababu tulikuwa tumeugeuzia mgongo mlango uliokuwa wazi tukiutazama mlango uliofungwa. Hesabu ile ya Juni tungeweza kuifanya mwezi wa Aprili, kwa kalamu na karatasi, tukiwa tumelala vizuri.

Kwa hiyo tarehe 1 Mei muichukulie kana kwamba orodha ya kungojea haipo. Chagueni chuo kimoja kati ya vile vilivyosema ndiyo, mlipie arubuni, yaani zile fedha za kushika nafasi ambazo kwa kawaida hazirudishwi, kisha mkiingie chuo hicho kwa mwili na roho: bweni, utambulisho, cheti cha chanjo, barua pepe ya chuo, kila kitu. Kukubali kubaki kwenye orodha ya kungojea ya chuo kingine hakuvunji kanuni yoyote. Kinachovunja uaminifu ni kulipa arubuni katika vyuo viwili ili kujinunulia muda, jambo ambalo nimewahi kusikia likipendekezwa katika jumuiya hii na mtu ninayemheshimu; vyuo vinaweza kufuta nafasi vikigundua, na mshauri wa shule hutakiwa kutuma matokeo ya mwisho katika chuo kimoja tu. Mtaona pia kwamba baada ya tarehe hiyo vyuo vingine vinaweza kuendelea kuwapigia simu na kuwapunguzia bei. Zamani kanuni za NACAC zilivizuia vyuo kumfuata mwanafunzi aliyekwisha kulipia kwingine, lakini mwaka 2019 kanuni hizo ziliondolewa kutokana na shinikizo la Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyoona kwamba zinazuia ushindani. Msishtuke, basi, mkipata simu ya namna hiyo. Ulizeni bei kamili kwa maandishi, mlinganishe.

Sasa tuitazame milango iliyo wazi, kwa sababu wengi wetu tunaidharau bila kuichungulia. Tuko Minnesota, na katika suala hili Minnesota imetutendea vema kuliko majimbo mengi. Tangu msimu wa vuli wa 2024 jimbo lina mpango uitwao North Star Promise, ambao hulipa karo na ada zinazobaki baada ya ruzuku nyingine kutumika, katika vyuo vya umma vya jimbo na vyuo vya mataifa ya wenyeji asilia, kwa mkazi ambaye mapato ya familia yake, kwa hesabu ya fomu ya kodi, hayafiki dola 80,000. Bweni na chakula havimo, na masharti yakaguliwe kila mwaka kwa kuwa bajeti za jimbo hupanda na kushuka. Juu ya hayo ipo ruzuku ya Pell ya serikali ya taifa, ambayo kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa miaka kadhaa sasa, nayo hairudishwi kama mkopo. Fomu inayofungua milango hii ni FAFSA, ile ya serikali ya taifa ya kuomba msaada wa fedha za masomo, na kila mwaka nakutana na familia ambayo haikuijaza kwa kuamini kwamba ni ya raia tu. Mwenye kadi ya kijani anastahili. Tafadhali, kama hamjaijaza, msitoke humu ndani kabla ya kuzungumza nami.

Kisha kuna akiba ambayo vijana wetu wengi wanayo na wazazi hawaijui thamani yake. Jimbo hili, tangu mwaka 1985, linamruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo bila malipo kupitia mpango wa PSEO, na humu ndani naona nyuso za vijana waliokuwa wakipanda basi kwenda North Hennepin Community College huku wenzao wakiwa kwenye mazoezi ya mpira. Kijana aliyekusanya krediti 30, yaani vipimo vya masomo ya chuo, kwa njia hiyo ana karibu mwaka mzima wa chuo mkononi. Akienda katika vyuo vya mfumo wa Minnesota State, wenye vyuo 33, au katika Chuo Kikuu cha Minnesota, krediti zake nyingi zitapokewa, kwa sababu vyuo hivyo vimekubaliana juu ya mtaala wa pamoja wa krediti 40 unaohamishika. Lakini vyuo vingi vya binafsi vilivyo mbali, vile hasa vyenye orodha ndefu za kungojea, hupokea krediti chache za namna hiyo au havipokei kabisa. Maana yake ni kwamba bei ya chuo kile cha mbali haiishii kwenye karo iliyoandikwa katika barua; inaongezeka mwaka mmoja ambao kijana alikwisha kuusoma na sasa atausoma tena kwa fedha. Nimeona familia ikilinganisha vyuo viwili kwa bei ya mwaka mmoja na kuona tofauti ndogo, na tulipolinganisha bei ya shahada nzima, miaka mitatu kwa minne, tofauti ikawa mlima.

Vyuo vya jamii, yaani vile vya umma vya miaka miwili kama North Hennepin, vinastahili maneno yake, maana hapo ndipo fahari yetu hutuzuia. Mama mmoja aliniambia kwamba hakuvuka bahari ili mtoto wake asome "chuo cha mtaani". Nilimwelewa. Katika nchi tulizotoka, ukikosa chuo kikuu ulikuwa umeanguka, na wengine wetu bado tunakumbuka jinsi wanafunzi wa kulipa wenyewe, wale wa programu sambamba iliyoanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, walivyoitwa majina na wenzao waliopelekwa na serikali, ingawa mwishoni walipewa shahada ileile. Hapa pia shahada haiandikwi ulianzia wapi, inaandikwa ulikomalizia. Kijana anaweza kusoma miaka miwili North Hennepin au Normandale, akaishi nyumbani, kisha akahamia chuo kikuu na kumaliza kama wengine, na vipo vyuo vyenye majina makubwa, Cornell kikiwa kimojawapo, ambavyo huwapa baadhi ya waliokosa nafasi ya mwaka wa kwanza njia ya kuhamia mwaka wa pili wakitimiza masharti. Hata hivyo sitawaficha ugumu wake. Anayehamia hupata masomo yake ya kwanza miongoni mwa watu asiofahamiana nao, misaada ya vyuo kwa wanaohamia mara nyingi huwa midogo kuliko ya wanaoanza, na wapo wanaopotea njiani kwa sababu zamu za kazi huongezeka kimyakimya. Njia hii inamfaa kijana anayejua anakokwenda na ambaye nyumbani pana utulivu wa kumwezesha kusoma. Wazazi, sehemu hiyo ya pili ni yetu.

Nizungumze na wanaotaka uuguzi, kwa kuwa najua ndio walio wengi humu, na tunajua sababu: mama ni muuguzi msaidizi, shangazi ni muuguzi, na kazi ipo. Kukubaliwa na chuo kikuu si kukubaliwa na shule yake ya uuguzi. Vipo vyuo vinavyompokea mwanafunzi moja kwa moja katika uuguzi tangu mwaka wa kwanza, na vipo vinavyomwambia asome biolojia na kemia kwanza halafu aombe upya, akishindania viti vichache. Kijana anayengojea jina kubwa la aina hii ya pili, huku ameshika ndiyo ya chuo kidogo kinachompokea uuguzi moja kwa moja, anangojea apewe nafasi ya kwenda kungojea tena. Ulizeni jambo hili kabla ya tarehe 1 Mei, kwa maandishi.

Kuhusu kukaa mwaka mmoja bila kusoma na kuomba upya mwakani, nitasema machache. Inawezekana, na kwa aliyeugua au aliyefiwa inaweza kuwa busara. Lakini kijana anayechukua masomo kadhaa ya chuo katika mwaka huo, akidhani anajiimarisha, huenda akahesabiwa kuwa anayehamia na kupoteza misaada ya wanaoanza. Masomo ya PSEO aliyoyachukua akiwa sekondari kwa kawaida hayamletei tatizo hilo. Na kwa yule ambaye leo hana ndiyo hata moja, asikate tamaa: kila mwezi wa Mei NACAC huchapisha orodha ya vyuo ambavyo bado vina nafasi na msaada, na Minnesota ina mpango wa udahili wa moja kwa moja ambapo vyuo humwandikia mwanafunzi kwamba amekubaliwa kwa alama zake kabla hajaomba. Tazameni barua zile za msimu wa vuli mlizodhani ni matangazo.

Wanaotaka kubaki kwenye orodha, na mna haki hiyo, fanyeni hivi. Mkubali mwaliko kwa njia ileile waliyoitaja, kabla ya siku yake. Kisha kijana, kwa mkono wake mwenyewe, aandike barua ya ukurasa mmoja ya kuthibitisha nia, akieleza yaliyo mapya tangu alipoomba: alama za muhula huu, tuzo, jukumu jipya nyumbani au kazini. Asirudie insha ya zamani. Kama kweli atakwenda wakimwita, aseme hivyo waziwazi. Kama hatakwenda bila msaada wa kiasi fulani, asiahidi. Mshauri wake wa shule anaweza kuongeza neno. Wazazi, sisi tukae nyuma. Baba mmoja alitaka kuendesha gari saa sita, amevaa suti, akamwone mkuu wa udahili ana kwa ana, kwa kuwa alikotoka ndivyo milango ilivyofunguliwa. Nilimsihi asiende, naye alinikasirikia hadi sikukuu ya Krismasi. Ofisi hizo humpima kijana, na mzazi anayepiga simu mara tatu kwa wiki humfanya mtoto aonekane hajakomaa. Wala msitume zawadi, hata kahawa ya kwetu.

Linalobaki ni lile nililoanza nalo: jibu. Jibu lina sehemu mbili, na zote mbili zinaweza kuandikwa leo. Ya kwanza ni fedha: familia hii inaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka, kwa miaka minne, bila kuweka rehani nyumba na bila kumnyima mdogo wa kijana huyu zamu yake ya kusoma? Jumuiya yetu ina moyo wa harambee na nimeuona ukifanya makubwa, lakini harambee hulipa muhula wa kwanza. Sijaona inayolipa wa nane. Ya pili ni tarehe: ni siku gani ambayo, wasipokuwa wamepiga simu, kijana ataandika mwenyewe barua fupi ya kujitoa na kuifunga habari hiyo? Wengine watachagua 15 Juni, wengine siku ya utambulisho. Vyovyote iwavyo, iwe tarehe yenu, si ya chuo.

Nimesema jibu liandikwe kwa sababu usiku ule wa simu hakuna anayekumbuka alichosema Aprili. Baba atakumbuka fahari, mama atakumbuka machozi ya mtoto, na mtoto atakumbuka picha za majengo alizotazama kwenye simu yake. Karatasi peke yake ndiyo itakayokumbuka hesabu. Nanyi wazazi, msiijaze bila wao. Wapo vijana wanaoendelea kungojea chuo wasichokitaka tena, kwa kuogopa kumvunja moyo mzazi ambaye amekwisha kuwaambia watu kanisani, na wapo wazazi wanaoendelea kuombea orodha hiyo kwa kudhani ndilo tamanio la mtoto. Nimewahi kuketi kati ya baba na binti yake, kila mmoja akingojea kwa ajili ya mwenzake.

Kwenye meza zilizo karibu na birika za chai nimeweka karatasi zenye maswali hayo mawili, na nafasi ya sahihi mbili, ya mzazi na ya kijana. Ketini pamoja, mjadiliane kwa lugha yoyote mnayogombania nyumbani, mjaze, kisha mwende nayo mkaibandike mahali ambapo itaonekana. Mimi nitakuwa hapa hadi saa nane kwa ajili ya wale wa FAFSA, na wanaoingia zamu saa tisa waje kwanza. Kalamu zimo kwenye kikapu. Ni za shule, tafadhali mzirudishe.